Mzee, Mwaka 1980 Mlilala Wapi?

Juzi binti yangu alikuwa anajaza fomu ya shule, akafika penye nafasi ya mahali alipozaliwa mama. Nikamwambia aandike Yei. Akainua uso. "Yei ya Sudan Kusini? Kwani Mama, wewe ni mkimbizi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba babu na bibi yake walikimbilia huko, nami nikazaliwa huko huko. Akaandika, akahamia mstari mwingine. Mimi nilishindwa kuhama, maana kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jambo hilo tunalijua wote na hatulisemi. Mtu mmoja tu ndiye niliyewahi kumsikia akilileta mbele ya watu, mwaka 2017, naye alikuwa Mchungaji wetu.

Bidi Bidi ilikuwa bado mpya. Vita vilipolipuka tena Juba, Sudan Kusini, Julai 2016, watu walimiminika kuvuka mpaka, na kabla mwaka haujaisha kijiji kile kidogo cha wilaya ya Yumbe kilikuwa kimegeuka makazi ya wakimbizi zaidi ya laki mbili na nusu. Familia ilipewa turubai na kiwanja cha mita 30 kwa 30, kwenye ardhi iliyotolewa na wenyeji. Kuni na nyasi za kuezekea hakupewa mtu, kila mmoja alijitafutia. Wanawake wakaanza kupigwa porini. Mishea ikakatwa, miti ambayo mama zetu wanakamua mafuta yake tangu zamani. Vijana wa pale nao walikuwa na hasira yao, kwamba kazi za mashirika zinachukuliwa na watu wa mbali. Kisha asubuhi moja jerikeni zilizopangwa foleni kisimani zilikutwa zimekatwa kwa panga.

Tulitarajia Mchungaji aitishe mkutano kesho yake. Hakuitisha. Alianza kwa Shehe, kwa sababu Yumbe wengi ni Waislamu, na hakutaka jambo lile lionekane la kanisa. Baada ya hapo wakawa wanatembea wawili, nyumba kwa nyumba, ng'ambo hii na ng'ambo ile, wakikaribishwa chai wanakunywa, wakikuta msiba wanakaa. Alikuwa na kipaji cha kukumbuka. Mkikutana baada ya miezi atakuuliza habari za kidonda cha mtoto wako, na atautaja mguu wenyewe. Hakuwa msemaji mkubwa. Mahubiri yake, Mungu anisamehe, yalikuwa ya kawaida. Lakini watu walimwambia mambo.

Ndipo tukaitwa chini ya mkwaju. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilipewa daftari niandike kumbukumbu za mkutano. Wenyeji upande mmoja, wakimbizi upande mwingine, katikati uwazi ambao hata watoto hawakuukanyaga. Shehe akafungua kwa dua. Mchungaji aliletewa kiti, akampisha mama mmoja mjamzito, yeye akaketi mkekani pamoja na vikongwe.

Mzee mmoja mwenyeji akasimama na tawi kavu la mshea mkononi. "Mti huu ulimlisha mama yangu," akasema. "Umenilisha na mimi. Hawa wameukata, wakapikia maharage siku mbili, umekwisha." Upande wake wakaguna kumuunga mkono. Upande wa pili wakatazama chini.

Mchungaji hakumjibu kuhusu mti. Alimwacha asimame mpaka minong'ono ikatulia, kisha akamuuliza kwa sauti ya mazungumzo tu, "Mzee, mwaka 1980 mlilala wapi?"

Kila mwenye umri pale alielewa. Idi Amin, rais mwenye asili ya kwetu, alianguka Aprili 1979, na Oktoba 1980 jeshi la serikali lilipoingia West Nile kulipiza kisasi, vijiji vilihamia Sudan na Zaire. Wengi walikaa huko miaka. Mzee aliligeuzageuza lile tawi. Nilidhani ataketi, au ataondoka.

"Kajo-Keji, Sudan," akasema.

"Mlimkuta nani?"

Akalitaja jina la mtu aliyempa mama yake pembe ya shamba na chungu cha kupikia. Alilitaja jina zima, na la baba wa mtu huyo pia. Kwenye mkeka, bibi mmoja wa Kajo-Keji akanyoosha mkono, hakungoja aruhusiwe. "Na kuni je, Mzee? Sema na za kuni. Hatukuwapiga?"

"Mlitupiga," mzee akasema. "Dada yangu mlimvunja mkono."

"Tuliwapiga," bibi akasema. "Mlikuwa mnatumalizia msitu."

Kimya kidogo, halafu mtu akacheka, na kicheko kikaenda pande zote mbili. Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Nyumbani nililelewa kwa sifa za watu wa Yei, ukarimu wao tu. Jioni ile nilimuuliza mama yangu. Akasema, "Mwanangu, yote mawili yalikuwepo," akaendelea kupepeta mtama.

Mengine yalikwenda haraka. Kamati ya kisima ikawa nusu kwa nusu, mishea ikapigwa marufuku kukatwa, kuni zikawa ni matawi yaliyokauka, kwa siku zilizopangwa. Suala la vijana na kazi halikupata jibu, wala sijaliona likipata hadi leo. Mchungaji akahamishwa parokia, kama ilivyo desturi.

Zamani nilidhani nguvu ilikuwa katika lile swali. Sasa naona alikuwa amelijua jibu kabla hajauliza, maana alikuwa amekunywa chai kwa yule mzee na kwa yule bibi pia. Ninachokosa ni kujua kama kazi ya namna hiyo hubaki mwenyewe akiondoka.

Mwezi uliopita pampu iliharibika, na kamati ikagombana kuhusu nani atunze pesa za fundi. Walinijia jioni, wenyeji wawili na wakimbizi wawili, kuniomba namba ya Mchungaji. Ninayo. Niliwaambia tuketi kwanza wenyewe, na nikaanza kuzunguka nyumba zao, kwa miguu, nikiuliza na kusikiliza. Bado nyumba chache. Mkutano ni Jumamosi.