Jasho Lisilodondoka

Kwa muda mrefu niliamini kwamba binadamu akitoka nje ya chombo cha anga, adui wake wa kwanza ni baridi. Nilikosea, na kosa hilo nimelikuta kwa wengi. Mwili huzalisha joto usiku na mchana, hasa misuli inapofanya kazi. Duniani hewa na jasho huliondoa, lakini katika ombwe hakuna hewa ya kulipokea, hivyo hubakiwa na njia moja tu ya kutokea, yaani mnururisho, joto kusafiri kama miale. Themosi hutunza joto kwa kanuni hiyohiyo, kwani kati ya kuta zake mbili hakuna hewa. Mwanaanga ndani ya vazi lake la tabaka nyingi ni kama yumo ndani ya themosi, na moto wenyewe ni yeye.

Mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan aliyaonja hayo Juni 1966, alipotoka nje ya chombo chake, Gemini 9A. Vazi lake lilipozwa kwa hewa tu, na kwa kuwa hakuwa na mahali pazuri pa kushika wala pa kukanyaga, kila kazi ndogo iligeuka mieleka. Mapigo ya moyo yalifika takriban 180 kwa dakika, na kioo cha kofia kikajaa ukungu, akawa anakisugua kwa pua ili apate tundu la kuchungulia, maana mkono hauwezi kuingia humo.

Wanaanga wa Marekani wa safari za Apollo waliotembea mwezini walivaa nguo ya ndani yenye mirija ya maji, na mpango huo unatumika hadi leo: maji hupita karibu na ngozi, hubeba joto hadi kwenye mkoba wa mgongoni, na huko maji mengine yaliyoganda kuwa barafu hulipokea, hugeuka mvuke na kutokomea angani. Hata mpango huo una hatari yake. Julai 2013 maji ya mfumo huo yalivuja ndani ya kofia ya mwanaanga Mwitaliano Luca Parmitano, nusura yamzamishe.

Ndani ya kituo cha anga nako kuna tabu, ingawa hewa ipo. Pasipo uzito, hewa yenye joto haipandi juu na jasho halidondoki, bali hujikusanya juu ya ngozi kama utando. Watafiti wa Charité, hospitali ya chuo kikuu jijini Berlin, waliowapima wanaanga kwa kipimajoto cha kubandika kwenye paji la uso, walitangaza mwaka 2017 kwamba baada ya miezi kadhaa angani joto la ndani ya mwili hupanda kwa takriban nyuzi 1 hata mtu akiwa amepumzika, na wakati wa mazoezi, ambayo ni ya lazima karibu kila siku, mara nyingi huvuka nyuzi 40.