Ruhusa ya Mwenye Shamba

Msimu wa baridi wa 2007 kuingia 2008, kituo cha hali ya hewa cha Caribou, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, kilipima theluji ya jumla ya mita 5. Mji ule haukuwahi kupimiwa theluji nyingi namna hiyo. Uzio ulizama, masanduku ya barua yakazama, na ilipofika katikati ya Februari vikazama hata vijiti vya alama ambavyo klabu yetu ilivichomeka mashambani kuonyesha njia ya pikipiki za theluji, zile zenye skii mbele na mkanda nyuma badala ya magurudumu. Balaa ilianzia hapo.

Nilikuwa nauguza wazee katika makao yao, na klabuni niliingizwa na jirani yangu, mkulima mstaafu aliyekuwa msimamizi wa njia. Siku moja ya Oktoba alinigongea mlango akitafuta mtu wa kumshikia mbao, anatengeneza daraja la kijito. Tangu siku hiyo nikahesabiwa mtu wa klabu, ingawa pikipiki yenyewe sikuwa nayo, wala hakuna aliyeona ajabu. Kazi nyingi za klabu hazihitaji pikipiki. Unafyeka vichaka kabla theluji haijaanguka, unaondoa miti iliyolazwa na upepo, unapigilia vibao, unapika maharage ya chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, halafu unakwenda kuongea na wenye ardhi.

Hilo la kuongea na wenye ardhi ndilo zito kuliko yote, na wageni wengi wanaokuja kukimbiza pikipiki hawalijui. Maine ina njia hizi maili zipatazo 14,000, yaani zaidi ya kilomita 22,000, na sehemu kubwa mno hupita kwenye ardhi ya watu binafsi: mashamba ya viazi, misitu ya kampuni za mbao, hata nyuma ya nyumba za watu. Mwenye ardhi hapati senti. Sheria ya jimbo inamkinga asibebeshwe lawama mtu akiumia wakati anapita bure kwake, na klabu inamwahidi kwamba wapitaji watafuata alama. Jimbo huwapa klabu ruzuku inayotokana na ada za usajili wa pikipiki hizo na sehemu ya kodi ya petroli, lakini ruzuku hainunui ruhusa. Ruhusa mara nyingi hutolewa jikoni, kwa mdomo, na aliyeitoa anaweza kuifuta siku yoyote atakayo.

Simu iliingia jioni tukiwa kwenye jengo la klabu tunapanga vyakula vya wikiendi. Msimamizi alisikiliza bila kujibu, akasema "Sawa, leo hii," akaweka simu chini. Mwenye shamba mmoja amefunga njia. Pikipiki zimepita juu ya miche yake ya miti ya Krismasi.

Mtu asiyeijua kazi hii angeanza kubembeleza. Msimamizi wetu alichukua vibao viwili vilivyoandikwa kwamba njia imefungwa, akavaa koti, akaondoka na kijana mmoja kwenda kuvipigilia usiku uleule, kimoja kila upande. Kwake hiyo ilikuwa kanuni isiyo na mjadala: mwenye ardhi akisema funga, unafunga kwanza.

Sisi tuliobaki tulijua maana yake. Kipande kile cha shamba ndicho kilichotuunganisha na njia kuu za mtandao wa jimbo uitwao ITS, zinazokwenda mji hadi mji. Likizo ya shule ya Februari ilikuwa mlangoni, wakati ambapo wageni hupanda kutoka kusini mwa Maine na Massachusetts, wanalala kwenye nyumba za wageni, wanajaza mafuta, wanakula. Kwa mji unaoishi kwa viazi, wiki ile inalipa mishahara ya watu wengi wanaofanya kazi mezani na jikoni. Kipande kimoja kikifungwa, wageni wanapita mji mwingine.

Kesho yake msimamizi akaniomba nimsindikize. Tulianzia shambani, tumevaa vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji. Kwa macho hakukuwa na shamba la miti: uwanja mweupe tu, tambarare, na michirizi ya pikipiki ikiukata huku na huku. Vijiti vyetu vilikuwa vimefunikwa, na aliyekuja wa kwanza akanyoosha moja kwa moja, wengine wakamfuata. Mzee akapiga goti, akafukua kwa mikono. Chini kidogo tu ya mchirizi kilitokea kilele cha mche, kimevunjika na kuning'inia kwa ganda, utomvu umeganda pale kilipokatika. Akafukua wa pili, wa tatu. Mti wa Krismasi hukua miaka 7 hadi 10 ndipo uuzwe, na kilele kikivunjika mche huchipua vichwa viwili na kupinda, hakuna atakayeununua. Harufu ya utomvu ilitoka hata katika baridi ile. Mzee alikata kile kilele kilichoning'inia, akakitia mfukoni.

Jikoni kwa mwenye shamba tulivua kofia, tukapewa kahawa na mkewe, tukakaa. Kwetu Njombe ng'ombe wako akiingia kwenye mahindi ya mtu, unakwenda na mkubwa wako, unakaa chini, unangoja usemeshwe. Msimamizi alifanya hivyohivyo. Aliuliza bei ya viazi mwaka ule. Akauliza kuhusu paa la ghala, maana theluji ile ilikuwa inaangusha mapaa. Mwenye shamba alijibu kwa kifupi, akimwangalia. Ndipo mzee akatoa kile kilele mfukoni, akakilaza mezani kati ya vikombe.

"Tumetoka huko sasa hivi," alisema. "Tumeona. Vijiti vyetu vilizama na hatukuviinua kwa wakati."

Hakuwataja wageni hata kidogo, ingawa ndio waliopita pale. Nimekaa na watu wengi wenye hasira, ndugu za wagonjwa hasa, na najua jinsi chumba kinavyobadilika mtu anapobeba mzigo wote bila kuutafutia mwenzake. Mwenye shamba aligeuzageuza kile kitawi vidoleni muda mrefu. Kisha akaanza kusema. Akasema alipokuwa mtoto shule zilifungwa wakati wa mavuno na wote wakaingia mashambani kuokota viazi, na kwamba ardhi ile ilimtoa yeye na dada zake. Akasema hana ugomvi na klabu, ila miti ile aliipanda kwa ajili ya uzee wake.

Masharti yake yalikuwa matatu. Njia isikatize tena katikati, ipite ukingo wa msitu, kando ya kijito. Vijiti viwe virefu, avione akiwa amesimama kwenye dirisha lile la jikoni. Na Mei klabu ije kupanda miche badala ya ile iliyoharibika, kwa mikono yao. Msimamizi alikubali yote kabla kahawa haijapoa.

Ukingo wa msitu ulikuwa kichaka kitupu, na kijito kilikuwa bado kinatiririka chini ya barafu. Jumamosi walikuja watu kuliko nilivyotarajia: mwalimu wa shule, mpeleka barua, mama mwenye mgahawa, kijana wa miaka kumi na kitu na babu yake, watu wa klabu ya mji wa pili pia. Kipimajoto kilisoma nyuzi 28 chini ya sifuri. Wenye misumeno ya petroli walitangulia, sisi tukavuta matawi pembeni. Daraja tulilijenga kwa nguzo mbili za zamani za umeme zilizoburutwa na trekta, tukatandika mbao juu. Kazi yangu ilikuwa misumari. Glavu nene haishiki msumari, na ukiivua, chuma kinanata kwenye ngozi ya vidole. Kwa hiyo nilivaa glavu nyembamba za pamba, nikapigilia michache, nikarudisha mikono kwapani, nikaendelea. Mama wa mgahawa alipita na chupa za supu bila kusema neno, anamimina tu. Magharibi ilipoingia mbao ya mwisho ilikuwa imekaa.

Bado njia ilihitaji kushindiliwa, na usiku ule mzee alinipandisha kwenye trekta. Ni mashine nzito yenye mikanda mipana badala ya magurudumu, na nyuma yake inavuta fremu ndefu ya chuma. Visu vya mbele vya fremu hukwangua matuta yaliyochimbwa na pikipiki, theluji inajiviringisha na kuchanganyika ndani, kisha bamba la nyuma linaikandamiza. Kazi hufanywa usiku kwa sababu wapitaji ni wachache na baridi ni kali, theluji ipate saa kadhaa za kuganda kabla haijakanyagwa. Ikikanyagwa mapema, kazi yote imekwenda bure. Mwendo ni wa mtu anayekimbia taratibu, na dereva kila mara anageuka kutazama nyuma.

Katika mwendo ule mzee alinisimulia habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe mdogo aliugua, theluji imefunga barabara, hospitali haifikiki, mtoto akafa. Miaka ile yote Bombardier alikuwa akihangaikia chombo cha kupita juu ya theluji. Magari yake ya mwanzo yalibeba madaktari na wagonjwa, na pikipiki ya Ski-Doo ikaja 1959. Mimi niliyekuwa nimeona wagonjwa wakicheleweshwa na dhoruba nilinyamaza. Naamini mzee alijua anamsimulia nani.

Njia ilifunguliwa kabla ya likizo kuanza. Wageni walipita kwa mamia, na kila asubuhi mmoja wetu alikwenda kuvivuta vijiti juu kila vilipozidiwa na theluji mpya.

Mei tulikwenda na majembe kama tulivyoahidi. Mwenye shamba alikuwa na miche kwenye ndoo, mizizi imelowekwa katika maji ya tope. Akatuonyesha: fungua udongo, shusha mizizi wima isijikunje, kanyaga kwa kisigino. Kisha akapita nyuma yetu, akivuta kila mche kwa vidole viwili, na ule uliong'oka ulipandwa upya na aliyeupanda. Wangu mmoja uling'oka. Jioni msimamizi akamuuliza kuhusu msimu ujao. Akajibu kwamba njia ya ukingoni ibaki hukohuko, ile ya katikati hairudi tena, na vijiti vya Desemba vimzidi yeye urefu. Ni mtu mrefu. Wiki ileile msimamizi alianza kuchana mbao gereji kwake, na mimi nikapewa kopo la rangi ya chungwa na brashi.