Majani Mekundu Yaliyopotea

Picha yangu ya kwanza ya msituni ya nyeusi na nyeupe niliipiga nikiamini kwamba rangi ndiyo iliyokuwa ikinivurugia mandhari, na kwamba nikiiondoa, mpangilio ungejitokeza wenyewe. Mbele yangu palikuwa na gogo la mti ulioanguka, limetambaliwa na mmea wenye majani mekundu pyu katikati ya vichaka vya kijani, na kwa macho kila kitu kilijitenga vizuri. Nilipoitazama picha nyumbani sikuona gogo wala mmea, bali kijivu kitupu kilichotapakaa kama majivu yaliyomwagwa.

Rangi niliyoilaumu ndiyo iliyokuwa ikinitenganishia vitu. Nyekundu na kijani, zikiwa na mng'ao unaolingana, huweza kugeuka kijivu kimoja, na hapo jicho halina tena pa kushika. Kwa hiyo anayeacha rangi huanza na fujo kubwa zaidi ya ile aliyoikimbia, na hana budi kutafuta njia nyingine ya kutenganisha jani na gome.

Njia mojawapo ni kichujio cha rangi mbele ya lenzi. Kichujio chekundu hupitisha mwanga mwekundu na kuzuia sehemu kubwa ya buluu na kijani, ndiyo maana anga la buluu huwa jeusi. Tarehe 10 Aprili 1927, huko Yosemite nchini Marekani, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga mwamba wa Half Dome kwanza kwa kichujio cha manjano, kisha, akiwa amebakiwa na bamba moja tu la kioo la kunasia picha, akaweka kichujio chekundu kizito, na anga likatoka karibu jeusi nyuma ya jiwe. Msituni mimi hupendelea kichujio cha kijani, kwa kuwa hung'arisha majani na kuyafanya mashina yasimame kama nguzo. Kwa kamera ya kidijitali kazi hiyo hufanyika baadaye, mradi faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa, limehifadhiwa pamoja na rangi zake zote.

Hata hivyo, kichujio hakishindi hali ya hewa. Jua la mchana likipenya matawini hutawanya madoa meupe kila mahali, na sijapata dawa yake isipokuwa kurudi siku nyingine. Ukungu ndio msaidizi mkuu, kwa sababu matone yake hutawanya mwanga, na kadiri mti ulivyo mbali ndivyo unavyofifia. Shina la karibu hubaki jeusi, la pili huwa kijivu, la tatu huwa kama kivuli cha moshi, na msitu uliokuwa ukuta mmoja hupangika kwa tabaka. Kabla ya kufungua tripodi, kiegemeo cha kamera chenye miguu mitatu, hufumba macho nusu: yakibaki maumbo matatu au manne, napiga; yakizidi, naondoka. (Watu wanaopita hudhani ninasinzia.)

Kwa maji yanayoruka mawe wengi hutumia kichujio kizito cha kijivu kinachopunguza mwanga mara 1000 hivi, ili shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, iliyohitaji sekunde 1/30 ikae wazi takriban nusu dakika. Mto hutulia kweli, lakini hufanana na pamba, na mimi nimeanza kuuchoka utulivu huo.

Kwenye gogo lile nilirudi asubuhi moja yenye ukungu, nikasogea hatua tatu kushoto mpaka vichaka vikajificha nyuma ya shina kubwa, na wakati wa kuhariri nikatia giza pembe za picha. Safari hii gogo linavuka fremu kama mstari mmoja mweusi. Kuna kijiti kinachokatiza upande wa kulia, ambacho ningeweza kukifuta kwa dakika moja, nami nimekiacha.