Kulala Hoteli ya Gofu Bila Kushika Fimbo

Mimi gofu sichezi. Nilimsindikiza tu mwenzangu, ambaye akishashika fimbo husahau hata kula. Hoteli yenyewe ni ya kifahari kwelikweli, lakini kuhusu chumba sina mengi: kitanda kipana, mito mingi kuliko vichwa, taulo zinazobadilishwa hata kabla hazijalowa. Wahudumu walinijua kwa jina tangu mapokezi. Wapo wanaolifurahia jambo hilo. Mimi lilinitia soni kidogo.

Kilichonishika ni dirisha. Lilitazama uwanja, na alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri niliona taa zikitambaa kwenye umande. Ni mashine za kukata nyasi. Nilivaa viatu nikashuka.

Pale kwenye grini, yaani lile eneo laini lenye shimo na bendera, nyasi hukatwa karibu kila siku na kubakizwa kimo cha milimita 3 hivi. Tena mkataji hubadilisha upande kila mara: leo akipita hivi, kesho atapita vile, ili nyasi zisizoee kulalia upande mmoja na kuupotosha mpira. Nyuma yake akaja mzee mmoja na chombo cha chuma mfano wa bomba fupi lenye mpini. Akakididimiza ardhini, akakizungusha, akang'oa bonge la udongo likiwa zima na nyasi zake juu. Hapo akapata shimo jipya. Lile bonge akalibeba hadi kwenye shimo la jana, akalitumbukiza, akalikanyaga taratibu, akalimwagia maji. Nilipoinama kutafuta lilipokuwa shimo la zamani, nililiona kwa shida.

Nikamuuliza kwa nini asiliache lilipo. Akasema watu wote huishia kwenye shimo, kwa hiyo ndipo panapokanyagwa zaidi; usipolihamisha, nyasi za hapo zitakufa. "Na nikiliweka kwenye mteremko mkali," aliongeza akicheka, "nitalaumiwa mimi mpaka jioni." Upana ndio asioruhusiwa kuuchezea: milimita 108, kipimo kilichowekwa rasmi mwaka 1891.

Nilidhani pia kwamba ile idadi ya mashimo 18 ina hesabu nzito nyuma yake. Wapi! Uwanja wa St Andrews, kule Uskoti, ulikuwa na mzunguko wa mashimo 22, kwa sababu mengi yalichezwa wakati wa kwenda na tena wakati wa kurudi. Mwaka 1764 wakaona manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayageuza kuwa mawili. Kwenda yakapungua mawili, kurudi mawili, yakabaki 18. Dunia nzima ikaja kufuata.

Baadaye nilitembea na mwenzangu na kundi lake. Kinachochosha katika gofu, kwa maoni yangu, ni kutafuta mpira. Hauzidi gramu 45.93, na ukishaingia kwenye nyasi ndefu watu wazima wanne huinamisha migongo kuusaka kwa dakika tatu, ambazo ndizo kanuni inazoruhusu. Lakini adabu yao niliipenda. Mmoja akijiandaa kupiga, wengine hunyamaza na kusimama wima, hata kivuli chao wakikichunga kisimwangukie. Mpira ukidunda na kutoboa grini, mwenyewe huchukua kijiuma kidogo akaziba alama. Aliyetumbukia kwenye shimo la mchanga hatoki mpaka asawazishe nyayo zake kwa reki.

Basi ndipo nikaanza kuwatazama vibaya, nakiri. Bwana mmoja alisawazisha mchanga kwa uangalifu wa fundi wa plasta, na ni yuleyule ambaye asubuhi mlango wake ulikuwa wazi nikaona taulo, sahani na magazeti vimetapakaa sakafuni vikimsubiri mhudumu. Mchanga una kanuni, chumba hakina.

Siku ya kuondoka nilimkuta tena mapokezi. Alikuwa akilalamika kwamba mashine za alfajiri zinamkatisha usingizi, na kwa nini zisifanye kazi hiyo mchana. Binti wa mapokezi alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba radhi, kisha akamuuliza kama bado angependa kuanza kucheza saa moja asubuhi. Akajibu ndiyo, na asicheleweshwe.