Kobayi wetu Kahawa na kazi yake ya siku ya posho

Kila siku ya posho (jumamosi) asubuhi napita Nyawera, hapa Bukavu, na kikapu chenye kimefunikwa na taulo ya kijani, na karibu kila mara kuna mutu ananiuliza mama unauzisha nini mule, nikifunua anaona kobayi mmoja tu (kwa Kiingereza wanamuita guinea pig), munene, rangi ya kahawa, na swali lenye linafuata ni bei. Hauzishwi. Anaitwa Kahawa na anaenda kutembelea wagonjwa, na leo nataka niandike vile tulifika pale, sababu maswali yamekuwa mengi, na kuna wenye wanataka kuanza na wanyama wao bila kutayarisha kitu, wanabeba tu wanapeleka, na hapo ndipo roho yangu inauma.

Ilianza na Papa. Mwaka 2021 alipata AVC (kiharusi), upande wa kuume ukalala, mukono ukajikunja ngumi, maneno yakapungua mpaka akabaki na mawili matatu. Kinezi, ule wa mazoezi ya viungo, alikuwa anakuja mara mbili kwa juma, anamufungua vidole kimoja kimoja, Papa anakunja uso, kinezi akitoka vidole vinarudi vilivyokuwa. Sasa jikoni kwetu Kadutu, kama kwa majirani wengi, kuna kobayi wanazunguka chini, Mama amewafuga tangu tukiwa wadogo, ni mboga ya siku yenye pesa imekosa na ni minervale (karo) ya shule wakizaa sana, na wakati wa kukimbia vita kobayi anaingia ndani ya kikapu unaenda naye, mbuzi anabaki. Siku moja nikamukalisha Papa kwenye kibao karibu na moto, nikasahau fungu la matembele juu ya mapaja yake, mukono ule mugonjwa ukiwa umelala juu ya majani. Kobayi mmoja mdogo akaja, akasimamisha miguu ya mbele juu ya kiatu cha Papa, akashika jani moja lenye lilikuwa linaning'inia, akavuta. Papa akavuta pia. Niliona kidole gumba kikibana. Kobayi akavuta tena, Papa akakaza, wakavutana hivyo mpaka jani likakatika, na Papa akaniangalia akasema, "Ingine."

Yule kobayi ndiye Kahawa. Kinezi nilipomuelezea hakucheka, alisema endeleeni, kila siku, mukono ule ule. Sisemi kobayi alimuponya Papa, mazoezi ndiyo yalifanya kazi, lakini Papa mwenye alikuwa anakataa mazoezi akawa ndiye anaita saa ya majani ikifika.

Miezi ikapita nikaanza kuwaza wale wazee na watoto tulikuwa tunakaa nao kwenye benchi ya hospitali tukingoja mazoezi ya viungo, nikaenda pale kuomba niwapelekee Kahawa. Mama infirmieri (muuguzi) mukubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Hakunifukuza, aliniuliza: munyama huyu amepimwa nini? Akimuuma mutoto nani atajibu? Mugonjwa mwenye kidonda wazi utafanya naye nini? Sikuwa na jibu hata moja. Njiani nilikasirika sana, lakini usiku roho ilipotulia niliona kwamba yule mama alikuwa anawalinda watu wake, na mimi nilikuwa nimebeba mapenzi tu.

Basi nikaanza kusoma, mega zangu zote za internet za mwezi ziliishia pale. Kumbe kazi hii iko na miaka mingi. Kule New Jersey, Marekani, mwaka 1976, Elaine Smith alianzisha Therapy Dogs International, na huyo Elaine alikuwa infirmieri, aliona vile wagonjwa wanabadilika mbwa akiingia chumbani. Hiyo niliishika vizuri sababu nilijua ni nani nitamusimulia. Kisha kuna kikundi kingine, Pet Partners, kilianza mwaka 1977, na hawa hawapokei mbwa peke yake, wanaandikisha wanyama wa aina tisa, paka, farasi, sungura, lama, ndege, nguruwe wadogo, hata panya wa kufugwa, na kobayi. Nilisoma hiyo orodha mara mbili nikamuita Papa nimusomee.

Masharti yao niliyanakili kwenye kaye (daftari). Kobayi awe na angalau miezi 6 na awe ameishi na wewe miezi 6, apimwe na veterineri, kutembelea kusipite masaa 2 kwa siku, na mutihani unarudiwa kila miaka 2. Lakini chenye kilinishika zaidi ni hiki: mwenye anapimwa si munyama peke yake, ni nyinyi wawili pamoja. Mupimaji anaangalia vile munyama anamuvumilia mugeni, na anaangalia pia kama wewe unaona munyama wako anasema nini. Kobayi yule yule akibebwa na dada yangu, dada yangu anafanya mutihani wake.

Na mbwa? Jirani yangu ako na mbwa muzuri na alitaka tuende pamoja. Nilimuambia ukweli, kwetu mbwa wa parsele, wa kulinda nyumba, tunamulea achukie mugeni, ndiyo kazi yake, na mutihani wa mbwa unaanza na mugeni mwenye anakuja kukupa mukono huku mbwa haruki, habweki, hajifichi. Kisha atembee kati ya watu bila kuvuta kamba, asikie kitu kinaanguka nyuma yake bila kukimbia, abaki na mutu mwingine wewe ukitoka. Inawezekana, lakini inaomba kuanza akiwa mtoto, na chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3 na kurudia, hapo hakuna majadiliano, sababu mpaka 99% ya watu wenye wanapata kichaa wanakipata kwa mbwa, na kikishaonyesha dalili ni kifo.

Turudi kwa Kahawa. Kumufundisha kobayi si kumufundisha akae au alete kitu, ni kumuzoesha. Mwanzoni dakika tano tu kila jioni, nakaa chini (chini kabisa, sababu kobayi akianguka kutoka kwenye kiti anaweza kuvunjika), taulo juu ya mapaja, mukono moja chini ya kifua na mwingine unashika matako, miguu yake ya nyuma isining'inie hewani, hiyo inamutisha kuliko kitu chote. Juma la pili redio ikiwa inalia. Kisha sufuria zikigongana, kisha mutu mwenye magongo akitembea karibu, kisha mutu wa kofia, mutu wa koti jeupe, mutu mwenye mikono inatetemeka. Majirani walikuja mmoja mmoja, kila mutu ananawa mikono na sabuni kabla ya kumushika na kisha tena akimaliza, na kila mutu anaanza kwa kumupa jani, hakuna kumushika kabla ya jani. Nilijifunza kumukata kucha na kumuswaki manyoya. Nikikunja sachet ya majani analia wiik wiik kwa nguvu, hiyo ni furaha. Akijinyoosha, tumbo likalala juu ya taulo na miguu ya nyuma ikatoka pembeni, ametulia. Akikauka kama jiwe, macho wazi, watu wanasema aa ametulia huyu, hapana, ameogopa. Akigonga meno, mbali naye. Na kuna ishara ndogo moja: unamupapasa mugongo karibu na matako, anatupa kichwa juu haraka, mara moja. Maana yake acha.

Hiyo niliijua kwa kusoma na nilishindwa kuifuata siku yake ilipofika. Mwezi wa tatu mutoto wa jirani, miaka saba, alikuwa anamupapasa, mutoto anafurahi, mimi namuangalia mutoto na furaha yake, Kahawa akatupa kichwa mara moja, mara mbili, mara tatu, mimi bado naangalia uso wa mutoto. Akamuuma kidole. Damu kidogo tu, tulinawisha na sabuni na maji ya kutosha, mama yake alinielewa, lakini mimi nilisimamisha yote majuma matatu. Nilikuwa nimeshaona ile kichwa pembeni ya jicho, ndiyo inayonisumbua mpaka leo, niliona nikaacha iendelee sababu ilikuwa inapendeza. Tulipoanza tena niliweka sharti: macho yangu yako kwa Kahawa, mutu mwingine anaangalia mugonjwa. Ndiyo maana siendi peke yangu, dada yangu anakuja.

Akishafika mwaka moja na nusu nilimupeleka kwa veterineri, akatafuta choa, ule ugonjwa wa ngozi wa duara duara wenye unaruka kutoka kwa kobayi mpaka kwa mutu, akatafuta utitiri, akapima mavi, akaangalia meno na pumzi. Alinikumbusha kobayi, kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima majani mabichi kila siku, nyasi kavu peke yake haitoshi. Akaandika karatasi na tarehe na sahihi. Nikarudi kwa mama infirmieri na karatasi, na kaye, na habari ya Elaine Smith, na utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2013, kule darasani watoto wenye autisme (usonji) walizungumza na kucheka zaidi wakiwa na kobayi wawili kuliko wakiwa na vitu vya kuchezea. Alisoma vyote. Kisha akasema muniletee nione, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti cha magurudumu akijifanya mugonjwa, akakohoa kwa nguvu, akaangusha bassin chini. Kahawa alikauka kidogo, nikaweka mukono juu yake, akarudi kwenye jani lake.

Niseme wazi, chenye tuko nacho si cheti cha Pet Partners na sipendi mutu akiite hivyo, cheti chao kinatoka kwa mupimaji wao mwenye anawaona nyinyi wawili kwa macho. Sisi tuko na karatasi ya veterineri yenye tunarudisha kila miezi sita, na protokole ya ukurasa moja yenye mama infirmieri alisahihisha na biki nyekundu: hakuna kidonda wazi, hakuna mugonjwa wa asima bila ruhusa ya munganga, hakuna kuingia mahali pa chakula, mikono inanawiwa kabla ya kumushika na kisha tena, taulo mpya kwa kila mugonjwa, dakika 30 basi. Mugonjwa akisema sitaki, tunapita, hatumubembelezi.

Siku ya kwanza mutoto mmoja alituuliza, "Mutamukula siku gani?" na nikamujibu bila kumukaripia, sababu ni swali la haki, kwao wanakula kobayi na kwetu pia. Nikamuambia wengine ndiyo, huyu hapana, huyu ako na kazi. Akafikiri. "Basi na miye nimupe majani."

Lakini yenye sitasahau ni ya koko (bibi muzee) mmoja kutoka Walungu. Infirmieri alituambia amekaa majuma mawili anaangalia ukuta tu. Nilimuwekea taulo, nikaanza kumuelezea pole pole vile tunamushika kobayi, huyu anaitwa Kahawa, hakuumi. Koko akanyoosha mikono, akamuchukua kwangu, akamugeuza tumbo juu kwa mwendo moja, akapuliza manyoya akaangalia, akamurudisha, akamupima uzito kwa kiganja. "Dume," akasema. "Mulimukosesha majani wakati alikuwa anakomaa." Na akaanza: kwake alikuwa nao zaidi ya thelathini, wa rangi gani, wale weupe anaweka wapi, vile alinunua mbuzi kwa kobayi na ng'ombe kwa mbuzi. Alikuwa ananifundisha mimi. Dada yangu alikuwa analia pembeni. Na pale pale, koko akiwa katikati ya maneno, mukono wake ukipapasa nyuma, Kahawa akatupa kichwa.

Mara moja. Nikasema koko, samahani, anaomba kupumzika, tutarudi siku ya posho. Ilikuwa dakika ya kumi na mbili tu. Infirmieri aliniangalia kwa mushangao, dada yangu pia. Koko ndiye hakushangaa, alimutazama kobayi, akatikisa kichwa, akamurudisha ndani ya kikapu yeye mwenyewe, matako ameshika vizuri. Aliniambia nilete matembele yenye ukoka ndani, matembele peke yake yanamuharisha.

Kwa hiyo sasa ijumaa jioni ni ukoka na matembele. Papa ndiye anafunga fungu, anakamata majani na mukono ule wa kuume na kamba anaivuta kwa meno, inachukua karibu nusu saa, na hataki mutu amusaidie.