Utepe wa Tatu

Siku tuliyompeleka Jasiri kwenye maonyesho yake ya kwanza ya mbwa, katika uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi, tuliondoka Ngong saa kumi na moja alfajiri, baba akiendesha pikapu ya kuazima, mimi na dada yangu Neema tukiwa nyuma tumemweka mbwa katikati yetu chini ya blanketi kuukuu. Ilikuwa Julai mwaka 2009, na baridi ya Ngong ya mwezi huo anaijua kila aliyewahi kulala huko. Nilikuwa na umri wa miaka 13, na kazi niliyopewa ilikuwa kulinda dumu la maji, taulo, na bahasha yenye cheti cha ukoo na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hatukuwa watu wa maonyesho. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika shamba moja huko Naivasha, na mwenye shamba alipouza mali yake akaondoka nchini, alimwachia jike wa Rhodesian Ridgeback pamoja na karatasi zake zote. Jike huyo aliitwa Asali kwa sababu ya rangi yake. Mama aliipokea zawadi hiyo kwa kufungua daftari jipya la matumizi, na katika nyumba yetu hakuna aliyeuelewa ufugaji wa mbwa wa mbegu mapema kumshinda yeye, kwa kuwa ndiye aliyejua ni matumbo kiasi gani ya bucha, omena kiasi gani na unga wa mahindi kiasi gani humalizwa kwa wiki na mnyama mwenye uzito wa kilo 32.

Mbwa hawa sisi tuliwaita mbwa wa mstari, maana kinachowatenga na mbwa wengine ni ukanda wa manyoya ulioota kinyume, ukianzia nyuma ya mabega na kupungua upana hadi karibu na nyonga. Mwanzoni mwa ukanda huo, pande zote mbili, manyoya hujizungusha na kufanya mataji mawili, ambayo yanatakiwa yafanane na yakabiliane. Sifa zao ziliandikwa kwa mara ya kwanza Bulawayo mwaka 1922, chini ya uongozi wa Francis Barnes, aliyechukua maelezo yaliyokwisha kuandikwa ya mbwa aina ya Dalmatian na kuyageuza yafae mbwa wake. Lakini mstari wenyewe ni wa zamani zaidi, kwani ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Baba alikuwa na nakala ya sifa hizo na alitusomea jioni baada ya jioni, hata mimi nikajua kwamba dume aliyekomaa husimama kati ya sentimita 63 na 69 begani kabla sijajua urefu wangu mwenyewe.

Asali alizaa Oktoba mwaka 2008, watoto tisa usiku mmoja, Jasiri akiwa mmoja wao. Daktari wa mifugo alipokuja, alimshika kila mtoto, akaivuta ngozi ya shingo na ya mgongo na kuisugua taratibu kati ya vidole kama mtu anayetafuta uzi ndani ya kitambaa. Kweli alikuwa akitafuta uzi: baadhi ya mbwa hawa huzaliwa na kijitundu chembamba kinachoanzia kwenye ngozi na kuzama kuelekea uti wa mgongo, nacho kikipata uchafu huoza na kuleta maumivu makali. Aliupata kwa mtoto mmoja, ambaye baadaye alipasuliwa na akapona. Alipofika kwa wa tisa, alisita kwa sababu nyingine. Mtoto yule alikuwa na mgongo mtupu, manyoya yamelala vizuri kama ya mbwa yeyote.

Daktari alitueleza kwamba wafugaji wengi, tangu zamani, huwaua watoto wasio na mstari ili wasichafue jina la banda. Baba akamuuliza, “Daktari, huyu ana ugonjwa gani?” Akajibu, “Hana.” Mazungumzo yakaishia hapo. Wanunuzi walipoanza kuja na kumnyooshea kidole yule mtoto, mama aliwaambia kwamba huyo ni wetu, na jina likawa Wetu.

Sasa turudi Jamhuri. Uwanja ule ulio kando ya barabara ya Ngong nilikuwa nimeuzoea kwa maonyesho ya kilimo, kwa hiyo nilishangaa kuona mbwa wamelala juu ya magodoro, wengine wakipulizwa manyoya kwa mashine kama maharusi. Hapo ndipo tulipotambua kosa letu la kwanza. Usiku uliotangulia tulikuwa tumemwosha Jasiri kwa sabuni ya kipande ya kufulia, tena mara mbili, na manyoya ambayo kwa kawaida hung'aa bila kuguswa yalikuwa yamefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Neema ndiye aliyeingia naye ulingoni. Katika darasa la watoto wa mbwa walikuwa madume watatu tu wa aina hiyo. Mwamuzi, mama mmoja mgeni mwenye sauti ya chini, alimtaka azunguke naye kwa mchakamchaka, kisha amsimamishe. Alitazama meno, akapima mabega kwa viganja, akashuka hadi nyayo. Aliporudi mgongoni hakutumia tena kiganja bali ncha ya kidole gumba, akiweka alama kwenye taji moja, kisha kwenye la pili, kisha akarudia. Mimi niliyekuwa nimesimama kwenye kamba niliona kwa mara ya kwanza kitu ambacho kwa miezi tisa nilikuwa nakipapasa bila kukiona: taji la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia, labda kwa upana wa kidole.

Tukapewa utepe wa tatu. Neema aliushika kwa heshima zote, ingawa alijua kuhesabu.

Baada ya hapo mwamuzi alizungumza na baba. Alimsifu Jasiri kwa mwendo na kifua, akamwonyesha mataji, kisha akauliza kama katika uzao ule alibaki mwingine. Baba akatoa simu, akafungua picha ya Wetu akiwa amesimama langoni. Yule mama aliitazama kwa muda mrefu, akasema mwili huo ni bora kuliko huu aliotoka kuushika, na kwamba ni hasara. Baba alishukuru na kuirudisha simu mfukoni bila kusema kitu.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na watafiti walioongozwa kutoka Sweden, nikaielewa picha ile. Mstari hutokana na kipande kidogo cha chembe za urithi kilichojirudia, na kipande hicho hicho ndicho kinachomweka mbwa katika hatari ya kile kijitundu cha mgongoni, hasa akikirithi kwa baba na kwa mama. Wetu hakukirithi kwa yeyote. Kwa hiyo wafugaji wale walikuwa wakiua watoto waliosalimika na kuwapa tepe ndugu zao.

Tulifika nyumbani jioni. Mama hakuuliza tumeshinda au la. Alimtaka baba amtajie hesabu. Akaandika petroli, ada ya kuingia, chakula cha mchana cha watu watatu, sabuni. Kisha akageukia upande wa mapato, ambao tangu watoto wale wauzwe ulikuwa haujaguswa, akamwomba Neema utepe, akaugeuza huku na huku, akaandika: “Utepe, 1.”