Najaribu

Leo siku ya tano tangu nirudi kutoka Unguja, na neno moja bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Dada kajifungua salama, mtoto wa kike, mwenye nyumba kapandisha kodi, na stationari tumepata oda ya kadi za harusi 400. Yote hayo yamepita. Mimi bado niko palepale Ngome Kongwe, usiku wa pili wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, nimeshika kadi.

Kadi zenyewe ni za kujitambulisha. Nilizichapa mwenyewe baada ya kufunga duka, nikazikata kwa wembe na rula mpaka saa nne usiku. Jina, namba ya WhatsApp, na chini yake: Mwandishi wa filamu. Mkono ulisita kuyachapa maneno hayo, lakini niliyachapa.

Filamu pale Ngomeni huonyeshwa uwanjani, juu ni anga tupu, kwa hiyo lazima giza liingie kwanza. Ule muda wa kungoja baada ya magharibi ndio wenye faida kuliko semina zote. Waongozaji, watayarishaji, watu wa kamera, wote wamesimama tu na hakuna anayemkimbilia mwenzake. Yeye alikuwa peke yake, na kikombe cha kahawa. Mtayarishaji ambaye filamu zake nimezitazama mpaka najua pumzi za waigizaji. Nikamwendea.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani kwa kukusumbua."

"Hujanisumbua. Unafanya kazi gani?"

"Najaribu kuandika filamu."

Nikampa kadi. Akavaa miwani, akaisoma taratibu, kisha akaniangalia.

"Kadi inasema mwandishi. Wewe unasema unajaribu. Nimwamini yupi?"

Hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliuliza kwa dhati, akangoja jibu. Nami nikacheka. Mtu akamwita, akaitia kadi mfukoni, akasema, "Haya, ukimaliza kujaribu unitafute," akaenda zake. Nikabaki nimejibanza kwenye ukuta ule waliojenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Filamu iliyofuata siikumbuki hata kidogo.

Tangu siku hiyo nimemjibu mara mia. Daladalani namjibu, nikikata karatasi namjibu. "Iamini kadi." Hapana, huo ni ufidhuli kwa mtu wa umri wa Baba. "Niamini mimi, nikupe hadithi yangu kwa sentensi moja." Hilo ndilo lilikuwa jibu. Sentensi ninayo, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Haikutoka.

Nimeifikiria hata shikamoo. Wageni walikuwa wakimpa mkono tu na kuanza kuongea kazi. Lakini shikamoo siijutii, ndivyo nilivyolelewa, na aliipokea vizuri. Ninachojutia ni "samahani". Niliomba radhi kabla sijakosa, na "najaribu" ikaja nyuma yake kama mtoto anayemfuata mama yake.

Nilitaka kuishia hapo. Ila nikiandika haya nimekumbuka boti ya kurudi.

Kusi ilikuwa kali, boti inapanda na kushuka, nusu ya abiria wameshika mifuko ya kutapikia. Jirani yangu alikuwa kijana, fundi sauti, kapakata begi la maiki kama anabeba mtoto. Kaniomba, "Dada, nisimulie chochote, nisitazame maji." Nikamsimulia hadithi yangu. Yote, bila kadi: mtoto wa nahodha wa Pangani, kila chombo kikiingia hukimbilia ufukweni kumtafuta baba yake, mpaka siku moja chombo kinaingia na yeye haendi.

"Kwa nini siku hiyo hakwenda?"

Nilifungua mdomo, sikuwa na jibu. Mwaka mzima naandika skripti ile na swali hilo sijawahi kujiuliza. Tulilizungumza mpaka tukaanza kuyaona majengo ya Posta. Yeye alidhani mtoto ameambiwa ukweli. Mimi nadhani mtoto alianza kuisahau sura ya baba yake, akaogopa atampita asimtambue. Nilipofika nyumbani niliandika kurasa nne bila kula. Hata sasa nikizisoma moyo unanienda mbio. Namba yake ninayo, aliniagiza nimpigie nikifika ukurasa wa mwisho, anataka kunasa sauti ya ule ufukwe.

Nimemwandikia leo kwamba nimefika ukurasa wa 31.

Jana Bibi kaniita kwa jina la marehemu Shangazi. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya pili niliitika. Mama bado sijamwambia.